Simu Mbili za Ziro

Bismillahi. Nisikilizeni wanangu, wewe Maimuna na wewe Sharif, na mnisikilize mpaka mwisho kabla ya mmoja wenu kutia neno, maana sauti hii naitia ndani ya simu nikiwa peke yangu, kwenye kitanda cha hospitali katika mji ambao hata jina lake mimi babenu silitamki sawasawa, na kesho asubuhi madaktari watanipasua kifua. Wameniambia kweli bila kunizungusha: moyo umechoka, huenda wakautengeneza na huenda wasiweze. Nami nimeona heri niseme leo adhuhuri, ningali na pumzi.

Muuguzi anayeniangalia haijui lugha yangu wala mimi siijui yake. Akitaka kujua kama naumwa hukunja uso, nami hukunja wangu, au nisiukunje, akaelewa. Ukutani pana televisheni, nimeomba iondolewe sauti, na humo naiona timu yangu ikikimbia, wale vijana niliowapangia vyumba na kuwashikia pasi zao za kusafiria, na ninajua nani huumwa na goti na nani hali kitu kabla ya mchujo. Aliyekuja kunitazama ni mmoja tu, Iddi, yule mkandaji wetu kutoka Ukunda. Alisema shikamoo, akanikanda miguu kama mwanariadha, akafuta macho, akaenda zake. Wengine wamenikasirikia, na sababu nitawaeleza.

Kwanza mali, kwa kuwa ni chache. Nyumba ya Msambweni na shamba la Jego ni vyenu, mgawane kama sheria ya mirathi inavyosema, mbele ya kadhi, na wewe Sharif usije ukamdhulumu dadako hata mnazi mmoja kwa kuwa yeye ameolewa. Ila kipande cha mikorosho, kile cha nyuma ya kisima, hakimo katika urithi wenu. Ndani ya thuluthi yangu nimekiusia kwa Kadzo binti Charo, wa Samburu.

Najua, Maimuna, umeshtuka. Ulilala kitanda kimoja na Kadzo miaka minne, mkasukana nywele, kisha akaondoka nyumbani kwetu bila kuaga, na hata mamenu Twaiba alipofariki hakuja kutupa pole, nawe ukaapa kwamba mtu asiye na fadhila kama yule hutamtaja tena. Mimi nilikuwa nimeketi hapo ukiapa. Nikanyamaza. Leo ndipo nausema ule unyamavu wangu ulikuwa nini.

Mnakumbuka nilivyompata. Alikuja Kwale kwenye michezo ya shule kumsindikiza dadake aliyekuwa akirusha mkuki, msichana mmoja wa mbio akashikwa na homa, nikamtia Kadzo mahali pake ili idadi itimie, naye akawaacha wenziwe nusu uwanja. Nilifunga safari hadi Samburu, hii yetu ya Kwale, kumwomba babake amwachie aje akae kwetu afanye mazoezi. Mzee Charo alikuwa akiuza mbuzi kando ya barabara kuu, malori yakipita yakimrushia vumbi, na hakuacha kazi yake kwa ajili yangu. Alipomaliza akaniambia, "Mwalimu, mchukue, umkimbize unavyotaka. Lakini mimi na huyu hatufichani kitu. Nawe usimfiche."

Nikasema, "Sitamfiche," na ulimi wangu ukajikwaa hapo hapo, nikarudia, "Sitamficha, mzee wangu." Akacheka. Tukapeana mkono.

Miaka kumi na miwili iliyopita tukaenda mashindano makubwa ya dunia, mimi meneja wa timu, Kadzo akiwa katika fainali ya mita elfu tano. Siku moja kabla ya fainali, asubuhi, Ziro kakake Kadzo alinipigia simu. Alinipigia mimi kwa sababu simu za wanariadha wote nilikuwa nimezikusanya, ndiyo kanuni yangu, wasisumbuliwe. Akasema, "Mwalimu, baba amezidiwa. Anamtaja Kadzo kila akifumbua macho. Kama ipo ndege, aje amkute." Nikasema nitamwambia. Nikatazama, na ndege ilikuwepo, ya saa saba mchana, na kiti kilikuwepo. Kisha nikashuka kunywa chai, Kadzo akaketi mbele yangu akinimenyea yai, akaniuliza kama nyumbani wamepiga simu. Nikasema bado.

Wanangu, sikumficha kwa kumhurumia, ingawa ndivyo nilivyojidanganya mchana ule. Nilikuwa nimetembea na timu miaka ishirini, nimewakosa nyinyi mkikua, nimemwacha mamenu na siku zake za ugonjwa, na sijawahi kusimama nyuma ya mtu wangu mwenyewe, wa Kwale, akivikwa medali. Niliitaka ile medali.

Siku ya fainali Ziro alinipigia tena asubuhi. Niliona jina lake, nikaiacha simu iite mpaka ikachoka.

Jioni Kadzo akaja wa pili katika dunia. Alinijia mbio kwenye ujia wa chini ya uwanja, bendera shingoni, amelowa jasho, akanyoosha mkono, "Nipe simu yangu, Mwalimu, nimpigie baba." Nikampa. Nilisimama pale nikamtazama akibonyeza, nikamtazama akisikiliza. Charo alikuwa amekufa asubuhi ile. Kadzo aliketi chini kwenye saruji na hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, "Ulijua tulipokuwa tukinywa chai?" Nikaiokota bendera, nikaikunja.

Mngeweza kudhani hapo ndipo ubaya wangu unapokoma. Haukomi. Ziro alipotaka kusema nami saa ile ile, nilisogea kando na simu ya Kadzo, naye akaniuliza kwa hasira kwa nini nduguye hakuja, mimi nikaogopa. Niliogopa aibu, niliogopa kufukuzwa kazi. Nikamwambia, "Nilimwambia, naye akasema atakimbia kwanza."

Maneno hayo tu. Na kwa maneno hayo Kadzo alipofika kwao aliambiwa mbele ya kaburi kwamba aliiuza pumzi ya babake kwa medali, akakana, na hakuna aliyemsadiki, kwani nani atamwamini binti akimkanusha Mwalimu? Tangu hapo yeye na Ziro hawasemezani. Wanaishi mji mmoja, duka la huyu likitazamana na zizi la yule. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka kumi na miwili, nami nikiamkiwa kwa heshima kote nilikopita.

Wiki hii, kabla ya nusu fainali, simu nyingine ikaja. Mamake Hannah, msichana wa Kinango tuliye naye safari hii, alikuwa ameanguka kwa kiharusi. Mkuu wa msafara akanivuta kando, "Mwache akimbie kwanza. Huyu ndiye medali yetu." Nilimwacha akizungumza, nikapanda ghorofani, nikagonga mlango, nikamwambia Hannah yote, na saa ya ndege. Alifunga mkoba papo hapo. Nilimbebea mpaka kiwanja cha ndege, na niliporudi, kwenye ngazi za hoteli, ndipo moyo uliponishika. Mkuu wa msafara hajakanyaga hapa. Jana Hannah aliniletea ujumbe wa neno moja: "Nimemkuta." Msidhani nimelipa kwa hilo. Hannah ni Hannah. Haki ya Kadzo iko palepale.

Jana hiyohiyo nilimpigia Kadzo. Alikuwa dukani, nilisikia malori. Nikamweleza ya ndege, na niliyomwambia Ziro. Alinisikiliza bila kunikata. Kisha akasema, "Mimi usinisimulie, Mwalimu. Mimi nilikuwepo. Mwambie Ziro."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nina wateja." Kabla ya kukata akauliza, "Una mtu hapo?" Nikasema ninaye. Tazameni, hata hapo nilidanganya.

Ziro nimempigia mara tatu. Haipokei. Sina haki ya kumlaumu.

Basi huu ndio wosia wenyewe, na yale ya nyumba na shamba yalikuwa utangulizi. Nikifa ama nikipona, nendeni Samburu wote wawili, msitume mtu. Mwombeni Ziro awakusanye wazee wa ukoo wao, na Kadzo awepo akitaka. Msianze kwa kunisifu. Msiseme alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, alitumikia taifa. Semeni, baba yetu alimficha Kadzo habari ya babake, kisha akamsingizia. Semeni hivyo, kisha mnyamaze, na Ziro aseme atakalo, hata akinitukana mniache nitukanwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nataka niumbuliwe na wanangu kuliko na wageni. Hicho kipande cha mikorosho, Kadzo akikikataa msimshurutishe.

Na mimi, nikifa, nizikwe huku huku. Msichangishe watu kuleta mwili. Iddi ameniahidi kutafuta msikiti na watu wa kuniswalia. Hawatanijua… wataniswalia tu. Inatosha.

Ngoja… ngoja nivute pumzi.

Sharif, ile kazi ya ulinzi huko Diani, usione haya nayo. Umekuwa ukilala karibu na wanao, jambo ambalo mimi… sikulifanya. Maimuna, mwanangu, ukimkuta Kadzo, usingoje yeye. Mwamkie wewe.

Muuguzi amekuja. Anakunja uso, ananiuliza. Nami… naam, namkunjia.

Radhi zangu mnazo, wote wawili, sikubakiza. Mola awape mlango usiofungwa ndani. Awape wa kuwaambia kweli asubuhi… ndege ingali chini. Na mkifika Samburu… mketi chini. Hata mkipewa viti. Mketi chini, wanangu.