Faili Limefungwa

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu minne, mmoja kati yake ni tofali, lakini wenyewe hulikalia utadhani wanakaa bungeni. Asubuhi hiyo Muhuri, karani wa madai katika kampuni ya bima iliyo ghorofani ng'ambo ya barabara, alikuja na gazeti amelikunja ili habari moja tu ionekane. Kampuni yake imetajwa ya kwanza kati ya kumi na moja kwa kupanda ufanisi wa menejimenti. Alikuwa na furaha ya kweli, na wala hakuificha.

— Sasa ufanisi wa mabosi unapimwaje? aliuliza Wembe, kinyozi, akipuliza kahawa yake. Wanapanda mizani?

— Kwa vitambi vile, wote wangekuwa wa kwanza, alisema Dakika, fundi saa.

Muhuri hakucheka.

— Unaweka watu na matumizi upande huu, kazi iliyomalizika upande ule. Halafu unalinganisha mwaka na mwaka. Mwaka juzi, kila madai mia tulimaliza sitini. Mwaka huu tisini na tatu, na karani hata mmoja hajaongezwa.

— Basi mna mashine, alisema Wembe. Mteja akiingia tu, inamsoma usoni kwamba gari kaligonga mwenyewe.

— Mashine wapi! Ni ile rangi ya kijani waliyopaka ofisini, alisema Dakika. Ukiitazama sana unasahau ulichofuata, unarudi zako nyumbani.

— Acheni utani, jamani. Ni utaratibu. Meneja mpya kaweka siku thelathini tangu madai yapokelewe. Zikiisha na karatasi bado haijaletwa, faili linafungwa.

— Likifungwa ndiyo limemalizika?

— Kwenye vipimo, ndiyo.

Wembe alimtazama. Muhuri akajishughulisha na kikombe chake.

Hapo akafika mama mmoja mtu mzima, bahasha mkononi. Mlinzi wa ofisini alikuwa amemwelekeza kwamba mtu wa madai yuko kijiweni.

— Shikamoo, mama, alisema Muhuri.

— Marahaba, mwanangu. Nisomee hii. Naona wameandika faili la mume wangu limefungwa. Watoto nimeshawaambia mambo yamekwisha, tutalipwa.

Muhuri akaisoma. Sahihi ya chini ilikuwa yake. Faili lenyewe alilikumbuka kwa namba: mchimba mawe, machimbo yameporomoka, mwajiri ameleta madai siku ileile. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

— Mama, hamtalipwa. Limefungwa kwa sababu cheti cha kifo hakikufika ndani ya siku thelathini.

— Lakini mwenzangu tulimfukua siku ya arobaini na moja.

Dakika akavua kofia. Mama alisema polepole, bila hasira, na hilo lilimuumiza Muhuri kuliko kama angemfokea.

— Siku zote hizo nilikuwa palepale machimboni, naita jina lake kwenye mawe, nikinyamaza nisikilize. Hebu niambie, mwanangu. Cheti cha kifo ningekwenda kukiomba vipi, na mimi nilikuwa bado namwita?

Muhuri alisimama, akampisha akae.