Bi Shifaa, Mwenyeji Wetu wa Nagoya

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi Shifaa Khatib anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kampuni yetu hununua magari yaliyotumika Japani na kuyapeleka Afrika Mashariki kupitia Dubai. Kazi yake, katika ofisi ya Deira, mtaa wa Dubai, ilikuwa kuwaandaa wafanyakazi wanaohamia tawi la Nagoya: wajiandikishe wapi wakifika, bima ya afya wanaipataje, gari la wagonjwa linaitwaje.

Mji huo aliujua kwa kuishi. Alikwenda akiwa bi harusi, mumewe akisoma huko. Wiki ya kwanza alitoa taka siku isiyo yake, mifupa ya samaki pamoja na chupa. Kesho yake aliukuta mfuko mlangoni, umebandikwa karatasi yenye maandishi mazuri asiyoweza kuyasoma. Akadhani anakaribishwa mtaani. Akaitundika sebuleni, hadi mumewe aliporudi akamsomea. Kisa hicho alimsimulia kila msafiri, kisha ndipo akaanza somo la kutenganisha taka.

Somo lililolalamikiwa zaidi lilikuwa la majirani. Bi Shifaa alitaka kila anayehamia abishe hodi kwa jirani, atoe zawadi ndogo na kutaja jina lake. Pauline, mkaguzi wa magari kutoka Nakuru, alimuuliza, "Kwani naenda kutafuta mchumba?" Hata hivyo, alipofika Nagoya alikwenda kwa jirani na zawadi yake.

Januari ya mwaka juzi, baada ya chakula cha mchana, Pauline alipiga simu kuuliza namna ya kulipia gesi. Kule kulikuwa kumeshaingia giza. Wakiwa katikati ya mazungumzo, tetemeko likaanza.

"Bi Shifaa, nyumba inacheza! Natoka nje!"

"Usitoke, mwanangu! Ingia chini ya meza, kinga kichwa."

Simu ikakatika. Tulipiga tena na tena, haikupatikana. Meneja wetu, Irshad, akamwambia, "Khalas, Bi Shifaa, nenda nyumbani upumzike. Tutakuarifu."

"Siendi. Akipata simu atapiga namba hii. Ndiyo aliyoishika kichwani."

Wengine tulijifanya tuna kazi.

Karibu na Maghribi simu ililia. Pauline alikuwa salama kwenye shule ya mtaa, walikokusanywa watu. Simu yake ilibaki chumbani. Alikuwa ameazima ya jirani, bibi kizee aliyekuja kumgongea mlango umeme ulipozimika na kumwongoza hadi pale. "Shosho amenishika mkono, hataki kuniachilia," alisema huku akilia.

"Na wewe usimwachie," Bi Shifaa akamjibu. Akaweka simu, akaenda kutawadha. Alichelewa kutoka, na macho yalikuwa mekundu.

Sasa anahamia Unguja kwa binti yake. Nafasi yake inachukuliwa na Pauline, aliyerejea Deira mwezi Mei. Kundi lake la kwanza linaondoka Jumatatu, na kila mmoja amekwisha kununua zawadi ya jirani.

Bi Shifaa, ahsante kwa kila uliyemfikisha salama. Nenda kwa heri. Mungu akupe afya, utulivu na majirani wema.