Wacha Niangalie Chai

Bwana asifiwe, wamama. Asanteni. Wale wa Lanet naona mnaangaliana. Mnajiuliza huyu anatafuta nini hapa mbele, na jikoni ameachia nani. Tulieni, nitawaambia.

Wageni wetu wa Njoro hamnijui, kwa hivyo wacha niseme. Nilizaliwa Mau Narok, kule baridi haina huruma, na shule niliachia darasa la sita kwa sababu viazi vilitaka mikono na mimi ndiye nilikuwa mkubwa nyumbani. Nikaolewa Lanet. Huku nikakuta wamama wamesoma. Huyu ni mwalimu, huyu ni nesi, huyu bwana yake ni mkubwa kule kambi ya jeshi. Siku ya Alhamisi, kwa ushirika wa nyumbani, mtu akifungua mdomo kuomba, Kiswahili kinatoka kama anasoma mahali. Mimi changu mnakisikia.

Nikiwa bado bibi mpya, waliniambia nifunge ushirika na maombi. Ndugu zangu, nilianza vizuri. Nikamshukuru Mungu kwa siku, nikamshukuru kwa mwenye nyumba, halafu maneno yakaisha. Yakaisha kabisa! Nikatafuta Kiswahili sioni, nikaingilia lugha ya mama, nikarudi, nikajikanyaga. Mtu mmoja akacheka puani. Sidhani alikuwa na ubaya, hata mimi ningecheka. Lakini nilienda nyumbani nimejiambia kwamba Mungu ako na watoto wake wanaojua kuongea naye, na mimi ni wa kuosha vikombe.

Tangu hapo nikapata dawa. Maombi yakikaribia, nasimama. "Wacha niangalie chai." Nani atamkataza mtu kuangalia chai? Mkigawana maandiko ya kusoma, naangalia chai. Ikiulizwa nani atatuombea, mimi nishafika jikoni. Mlinisifu sana, mkasema huyu mama ana moyo wa kutumika. Wapendwa, ule ulikuwa woga tu. Na uliniuma, kwa sababu nilikuwa nasimama kule na mwiko, nikiwasikia nyinyi kupitia ukuta mkiongea na Baba yangu.

Hivyo ndivyo niliishi, mpaka msichana wangu akapata mchumba.

Ni mtoto mmoja tu nilipewa, na alikuja baada ya mimi kukaa kwa ndoa hadi watu wakachoka kuniuliza. Wiki ya harusi nilikuwa nachagua mchele, naye ameketi kando yangu, akaniambia, "Mum, wakija kunichukua, wewe ndio utaniombea kabla nitoke kwa nyumba."

"Mwalimu ataomba," nikamwambia. "Ama Pastor. Watu wa bwana yako ni watu wa maana, unataka niwaaibishe?"

"Mwalimu hakunizaa."

"Mimi sijui kuomba."

"Na hiyo kunong'ona kwako kwa jiko kila asubuhi ni nini?"

Sikujua amekuwa akiniona.

Kesho yake asubuhi niliweka maziwa kwa moto, nikafungua Biblia yangu hapo juu ya kabati, nikaangukia habari ya Hana. Naijua tangu nikiwa mtoto. Hana hakuwa na mtoto, akaomba midomo ikicheza na sauti haisikiki, hata kuhani akafikiri amelewa. Nikacheka peke yangu. Nikasema huyu ni mimi kabisa, vile tu mimi wakiniona midomo ikicheza wanadhani naonja chai. Lakini Mungu hakungojea sauti. Alimsikia Hana hivyo hivyo. Na mimi alinisikia, kwa sababu jibu langu lilikuwa limelala hapo chumba cha pili.

Zamani hapo ndipo nilikuwa nafunga kitabu. Siku hiyo nikageuza karatasi, na nawaambia, nilishikwa. Hana huyo huyo anampeleka mtoto hekaluni, anamwacha huko, na sasa ndiyo anaomba maombi marefu, kinywa wazi, hana aibu hata kidogo. Siku ya kumwomba mtoto alinong'ona. Siku ya kumtoa, akafungua mdomo. Nikakaa pale nikilia mpaka maziwa yakamwagika, na mimi maziwa hayajawahi kunimwagikia.

Sasa siku yenyewe. Wamama wa upande wa bwana harusi wakaimba kwa geti mpaka wakafunguliwa. Nyumba ikajaa. Msichana wangu amesimama katikati, gauni limemkaa vizuri hadi nashindwa kumwangalia. Pastor akasema, "Sasa mama mzazi atatuombea." Mnajua nilifanya nini? Miguu ilienda yenyewe! "Wacha niangalie chai kidogo." Ndiyo, chekeni tu. Baada ya Hana na machozi yote yale!

Kwa mlango wa jikoni nikakuta mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu. Simtaji, lakini naona ameinamisha kichwa hapo katikati. Alikuwa amefunga aproni yangu juu ya nguo yake ya harusi, mwiko mkononi, na ameujaza mlango wote.

"Chai iko na mtu," akasema.

"Mwalimu, tafadhali. Ingia wewe uombe, nipe huo mwiko."

"Mimi nimeombea watoto wa watu maisha yangu yote. Huyu ni wako. Rudi."

Nikarudi. Nikamwekea msichana mkono kichwani, nikasema, "Baba, huyu nilikuomba nikiwa jikoni, bila sauti, na ulisikia. Leo anatoka. Akiwa na njaa, umwone. Akikosewa, umwone. Akikosea yeye, pia umwone." Halafu maneno yakaisha. Yakaisha vile vile kama zamani. Lakini sikukimbia. Nikangoja hapo kimya, mkono wangu kichwani pake, kisha nikaingilia lugha ya mama, ile nilimbembelezea nayo akiwa mdogo, nikamalizia nayo. Kama kuna mtu alicheka, sikumsikia. Nilimsikia tu msichana wangu akisema amina kabla ya wengine wote.

Chai ile, kusema ukweli, ilikuwa maji. Mwalimu anajua mambo mengi lakini majani aliyaonea huruma. Wakwe zangu walikunywa wakasema asante.

Kwa hivyo nashukuru. Nashukuru Pastor, ambaye alingoja bila kukohoa. Namshukuru mwalimu wangu, na siku moja nitamfundisha kupika chai. Nashukuru nyinyi wa Alhamisi, kwa sababu siku hizi nikiomba nikikwama, mnangoja na mimi. Bado nakwama, msidanganyike. Lakini nina furaha, na ile aibu imeondoka. Mungu aliyenisikia nikinong'ona ananisikia pia nikikwama, na mimi nilikuwa nadhani anangojea nipate Kiswahili kizuri kwanza. Kama kuna mtu hapa anadhani hivyo, aache leo.

Sasa nimeambiwa nifunge na maombi. Tusimame. Na wewe dada hapo karibu na mlango, nakuona umeshika mkoba, nakuona unaangalia upande wa jikoni. Rudi, dada yangu. Chai iko na mtu.