Jani kwenye Boksi la Bi Eudora

Benchi letu liko Portsmouth, mji wa kisiwani kwetu, kwenye kona ya barabara ya ufukweni, ubavuni mwa duka lililofungwa. Mwenye sauti kubwa pale ni Ignatius Bellot, anayeitwa Redio. Anayemkatiza ni Cuthbert Royer, anayeitwa Hakimu, ingawa mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Mimi hawakunipa jina la utani. Huniita Bwana Fontaine, na hilo ndilo jina langu. Kinachotuweka pale ni kakao ya Bi Eudora Valmond, anayekaanga mbegu zake mwenyewe, akazitwanga na kuzifinyanga kuwa vijiti. Birika moja hutuletea sisi. Vijiti vinavyobaki huchukuliwa na hoteli ya mlimani. Asubuhi ile aliweka birika kwenye benchi, akaweka na boksi la vijiti, akabaki amesimama.

— Wamelirudisha, alisema. Meneja mpya anasema limeshatumika. Hoteli inalinda mazingira, kwa hiyo anataka maboksi mapya yenye alama ya jani la kijani. Gari liko njiani. Wasipochukua leo watanunua kakao ya Guadeloupe, kisiwa jirani, na mimi naacha kukaanga.

Wote watatu tulilitazama birika.

— Ngoja kwanza, mama, alisema Redio. Kutumika ndiyo kosa?

— Ndiyo kosa.

Lilikuwa boksi la biskuti. Bi Eudora huyaokota madukani, huyageuza ndani nje, huyagundisha upya na kuyatandika majani makavu ya ndizi. Dereva wa zamani, Alphonsus Jno Baptiste, alikuwa akiyarudisha, wala hayakurudi matupu: jikoni waliyajaza machicha ya kahawa, naye Bi Eudora akayamwaga chini ya mikakao yake. Boksi lilipanda na kushuka mlima ule mpaka pembe zikalegea, kisha likatandazwa shambani kuzuia magugu.

— Huyo meneja hakijui kisiwa, alisema Redio. Boksi jipya linaletwa na meli. Likitumika mara moja linatupwa korongoni, linachomwa, moshi unaingia kwangu. Bi Eudora akilitumia tena, meli imepunguza mzigo na mimi nimepumua.

— Hiyo ndogo sana, Redio, alisema Hakimu. Boksi ni mti. Mti usipokatwa, kasuku anakaa. Kasuku anadondosha mbegu, msitu unakua, mawingu yanashika, mvua inanyesha. Bwawa la hoteli linajazwa na nini? Hao wageni wanaogelea ndani ya boksi la Bi Eudora.

— Miti ya maboksi haikatwi hapa, nilisema.

— Bwana Fontaine, kasuku wanaruka.

— Mimi naongeza, alisema Redio. Kimbunga nacho kinaangalia. Kinakwenda kwa watu wanaotupa ovyo.

— Paa lako kilichukua.

— Wiki ile nilikuwa nimetupa boksi.

Hakimu alifikiri kidogo, akaikubali hoja.

— Gari linakuja na nyie mko kwenye kasuku, alisema Bi Eudora. Mtu anataka jani.

— Jani tu? Si ungesema mapema.

Redio alikwenda kwenye mtumbwi wake akarudi na rangi ya kijani. Mbele yake kulikuwa na mshelisheli, kwa hiyo alichora jani la shelisheli, lenye vidole vyake vyote. Hakimu aliliinamia kwa muda mrefu.

— Hili polisi watalisimamisha njiani, wakidhani ni bangi.

— Ni shelisheli.

— Mimi najua ni shelisheli. Polisi je?

Bi Eudora alilitazama boksi lake, akakaa chini kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Gari likafika. Dereva alikuwa mgeni kwetu, Curtis Laronde, mtu wa Marigot. Aliteremsha boksi kubwa lililozungushiwa plastiki.

— Za asubuhi, wazee. Haya ndiyo maboksi mapya ya mama. Nimeambiwa nisipakie kitu chochote ambacho hakimo ndani ya boksi lenye jani.

Alichana plastiki. Ndani, maboksi mapya yalikuwa yamelazwa bapa, kila moja na jani lake dogo, na karatasi ya plastiki katikati ya moja na jingine. Boksi kubwa lililoyabeba lilikuwa na jani upana wa sinia.

Bi Eudora aliinuka. Aliyatoa yale mapya akayalaza kwenye benchi, akahamishia majani yake ya ndizi ndani ya lile kubwa, akapanga vijiti, akafunga. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameelewa.

— Lina jani? alimuuliza dereva.

— Lina.

— Basi pakia, mwanangu. Na ulirudishe. Lisije tupu.

Curtis Laronde alipakia. Alipofunga mlango akayaona maboksi mapya, ambayo Redio alikuwa ameshayakalia, maana ni laini kuliko mbao.

— Na haya, mama, ni ya kazi gani?

Bi Eudora alimtazama Redio. Redio alimtazama Hakimu. Hakimu aliinua birika ili apate muda wa kufikiri, akaliinamisha juu ya kikombe. Halikutoa kitu.