Fundi Waya Anavua Aproni

Ijumaa tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, kumi na tisa kati yake ndani ya chumba chetu cha kuzibulia mishipa ya moyo, Fundi Waya atatundika aproni yake kwa mara ya mwisho. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, msimamizi wa chumba hicho, niandike ukurasa mmoja wenye furaha. Nitajaribu, na nianze na ya kuchekesha.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Alipohamishiwa kwetu, jirani alimuuliza siku hizi anafanya kazi gani, naye akajibu kwa mkato kwamba anampa daktari waya. Wiki hiyo hiyo akaletewa pasi mbovu, redio mbili na jiko la umeme. Pasi aliijaribu kweli, Mungu ni shahidi, ikazima taa za nyumba nzima. Tangu hapo ni Fundi Waya, hata kwa mkurugenzi.

Waya wenyewe ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Daktari anauingiza kwenye mshipa wa mkono, pale kifundoni, anausukuma mpaka kwenye moyo na kuupenyeza palipoziba. Kijiputo kinapita juu yake kupanua njia, kisha stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma, inabaki pale ili mshipa usijifunge tena. Muda wote huo mgonjwa yuko macho. Anasikia kila neno, na kwa woga anasikia hata yasiyosemwa. Hapo ndipo Fundi alipokuwa bingwa. Akishapanga waya zake, alimwinamia mgonjwa na kumwambia, kabla puto halijajazwa, kwamba kifua kitabana kidogo kisha kitaachia. Kikiachia kweli, mgonjwa alimwamini yeye kuliko daktari, na madaktari wetu wamelivumilia hilo kwa miaka kumi na tisa.

Alikuwa na sheria moja: usimlishe mgonjwa maneno. Siku yangu ya tatu hapa, nikiwa bado mgeni, nilimuuliza mzee mmoja aliyelala kwenye meza ya matibabu kama anachosikia kifuani ni gesi. Mzee wa watu, kwa adabu zake, akakubali ni gesi. Haikuwa gesi. Baadaye Fundi alinivuta pembeni, wala hakufoka. Alisema watu wakiumwa huwa wapole mno. Ukiwatajia ugonjwa wataupokea kama wanavyopokea chai kwa mwenyeji, hata kama hawana hamu nayo. Uliza wapi, uliza tangu lini, kisha funga mdomo usikilize. Nimewafundisha wauguzi kumi na wawili maneno hayo, tena kwa kujidai, kana kwamba ni yangu.

Sasa nifike pale ambapo ukurasa wa furaha hautaki nifike.

Aproni zetu zimeshonewa madini ya risasi ndani ili zitukinge na mionzi ya eksirei inayomwonyesha daktari njia. Kuvaa moja ni sawa na kubeba mtoto wa miezi minane kutwa nzima. Kwa hiyo chumba kizima kinaumwa mgongo na mabega, na kwetu kila maumivu ni aproni. Asubuhi moja mwezi wa tatu, Fundi aliniambia bega lake la kushoto limekuwa zito mpaka mgongoni, na ngazi za kuja huku juu zinamchosha. Nilikuwa nasaini karatasi. Sikuuliza wapi, sikuuliza tangu lini. Nikamwambia ni hii aproni, kaka, inatumaliza sote, tukacheka. Naye, kwa adabu zake, akakubali ni aproni. Nikajiona msimamizi mwema kweli kweli, nikamwagizia mpya, nyepesi. Wiki tatu tulisubiri aproni, na wiki zote hizo mashine ya kupimia umeme wa moyo ilikuwa hatua sita kutoka mlangoni petu.

Aproni ilifika Jumanne. Alhamisi, Fundi akiwa katikati ya kupanga vifaa, alivuta kiti akakaa. Aliyeona kwanza si mimi wala daktari. Ni mwalimu mstaafu aliyekuwa amelala mezani akisubiri kuzibuliwa mshipa wake mwenyewe. Alitugombeza kama watoto wa darasa la kwanza: mbona kaka yenu anatoka jasho hivyo na chumba kina baridi? Kisha akashuka mezani, gauni la hospitali likiwa wazi mgongoni, akasema apandishwe Fundi, maana moyo wake yeye mwalimu umeshazoea kusubiri. Mama huyo ni mzima, na ndiye mgeni wetu wa heshima siku ya sherehe.

Mshipa mkubwa wa mbele wa moyo wa Fundi ulikuwa umeziba kabisa. Ulizibuliwa, stenti ikakaa vizuri, damu ikapita. Lakini sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imeshakufa. Laiti tungempima wiki tatu kabla, huenda ingekuwa hai leo. Daktari amekataza aproni na kusimama muda mrefu, ndiyo maana Fundi anastaafu miaka minne kabla ya wakati wake.

Siku ile mkewe alifika mbio mlangoni, akaniuliza haya yalianza lini, maana nyumbani hakusema kitu. Nilimjibu sijui. Amenipigia simu mara mbili kunishukuru kwa kumwokoa mumewe, na mara zote mbili nilipokea shukrani.

Wifi, yalianza wiki tatu kabla, na aliniambia mimi. Mara tatu nimeshindwa kukwambia, na ninaona aibu. Yeye anajua, na nadhani hajakutajia. Nisameheni wote wawili.

Kaka, ahsante kwa kila mgonjwa uliyemtuliza na kila muuguzi uliyemnyoosha. Aproni yako mpya bado ipo kwenye ndoano yako, hakuna anayetaka kuigusa. Meza tembe zako bila kuruka hata siku moja, na pasi za majirani zikupitie mbali. Sisi wa chumba hiki tunakuombea miaka mingi, mabega yakiwa mepesi. Na siku ukisikia kitu, hata kidogo, nipigie. Nitakuuliza wapi, nitakuuliza tangu lini, kisha nitafunga mdomo.