Koti la Mzee Kuramochi

Ndani ya basi la asubuhi la Chiba, liendalo kwenye uwanja wa mchezo wa bunduki za vigololi vya plastiki, mzee Kuramochi alikuwa akimwonyesha msichana mwenye begi refu koti lake jipya. "Bunduki nitakodi, miwani ya kinga ninayo. Na humu, mwanangu, kigololi hakipenyi!"

"Babu, umejivika godoro!" msichana akacheka. "Usipokihisi, utakirije kwamba umepigwa? Kule kila mtu hujishuhudia mwenyewe. Watakuita mwongo."

Mimi niliyeketi kiti cha nyuma yao nikasema moyoni, kumbe uaminifu umo hata mchezoni.

"Binti yangu Sayo yuko upande wa wapinzani wangu," mzee akanena taratibu. "Miaka sita hatukusemezana, na leo ndiye aliyenialika."

Basi liliposimama, alishuka akitetemeka kwa baridi, koti kalivua, kalishika mkononi.