Kura ya Mwalimu Joram

Lori la ushirika lilikuwa likitupeleka Itiryo, kwenye ngoma ya kumkumbuka marehemu mwalimu Joram, mpiga litungu, ala ya nyuzi. Ngoma ingefanyika katika bustani ya kijiji aliyoianzisha mwenyewe. Mbele yangu, juu ya magunia, mama mmoja alikuwa amekumbatia sahani ya bati. Mzee jirani yake akamuuliza ni ya nini.

"Ya chakura, tata. Katibu wa kijiji alitangaza kanisani kwamba baada ya ngoma kuna kura."

"Kura ya karatasi, mama. Tunachagua jina la bustani." Akatoa mfukoni karatasi yenye jina la mwalimu. "Nimekuja mapema, wasije wakaipa jina la mwenyekiti."

Mama akaitazama ile karatasi kama mtu aliyeletewa mboga bila chumvi. "Kwa hiyo nimeacha ugari wangu jikoni nije kutafuna karatasi? Mwalimu hakumwimbisha mtoto mwenye njaa. Alimpa karoti kwanza."

"Na karoti hizo zitaitwa za mwenyekiti, wewe ukiwa unaramba sahani."

Lori likasimama. Katibu mwenyewe akaja kutupokea, akasema, "Karibuni sana. Msiondoke mapema, baada ya ngoma kuna kura."

Wote wawili wakatazamana kwa ushindi. Mtu pekee ambaye angetuamulia ni yule aliyehangaika miaka ishirini kutufundisha l na r kwa nyimbo, na ndiye tuliyekuja kumwimbia.